Kibodi ya Zamani na Kompyuta ya Leo: Kazi ya Mkalimani

(Somo la redio kwa watu wazima. Maneno ya mwalimu yamechapwa hapa ili vikundi vya wasikilizaji viyasome tena na kujadiliana.)

Somo letu la leo ni la ufundi. Nataka kuwaeleza jinsi kibodi ya zamani, yaani ule ubao wa vitufe vya kuchapia, inavyoweza kufanya kazi na kompyuta ya siku hizi. Shikeni kalamu na karatasi, maana yako mambo ya kuandika.

Tuchukue mfano. Tuseme yuko fundi kijana katika kata ya Shirimatunda, hapa hapa Manispaa ya Moshi. Kazi yake ni kutengeneza redio, simu na kompyuta. Mama mmoja mwenye duka la kuchapa barua na kutoa kopi anamletea kibodi kubwa, nzito kama tofali, iliyotolewa katika stoo ya ofisi. Mama anasema, "Mwanangu, hizi nyepesi ninazonunua hazimalizi mwaka. Hii vitufe vyake vyote bado vinaruka. Nifungie kwenye kompyuta yangu." Fundi anatazama plagi, ni ya mviringo. Anatazama kompyuta, ina matundu ya USB tu.

Wako watakaomshauri aitupe. Wako watakaomshauri akate waya, aunge plagi ya USB, mambo yaishe. Huyo wa pili ndiye wa kuogopwa zaidi. Waya wa kibodi ya zamani kwa kawaida una nyuzi nne za kazi, na waya wa USB wa kawaida una nyuzi nne pia. Nne kwa nne, mtu husema, basi ni mamoja. Sivyo hata kidogo. Akiziunga vibaya aweza kuunguza kibodi, au tundu la kompyuta, au kompyuta yenyewe pamoja na kazi za wateja zilizomo ndani. Hata akiziunga umeme mahali pa umeme, kibodi itakaa kimya. Kwa nini? Kwa sababu kompyuta na kibodi hazisemi lugha moja. Hilo ndilo jambo kubwa la somo letu: plagi kuingia katika tundu si ushahidi wa kuelewana.

KIBODI HUSEMA NINI

Watu wengi hudhani kwamba ukibonyeza kitufe cha A, kibodi hupeleka herufi A katika kompyuta. Haifanyi hivyo. Kibodi haijui herufi, inajua mahali tu. Ukibonyeza kitufe, chipu iliyomo ndani hupeleka namba ya mahali pale. Ukikiachia, hupeleka habari nyingine kwamba kitufe kimeachiwa. Kompyuta ndiyo inayoamua kwamba namba hii ni herufi fulani.

Taabu ni kwamba watengenezaji hawakutumia namba zilezile miaka yote. Kampuni ya IBM ya Marekani ilipotoa kompyuta yake ndogo, IBM PC, mwaka 1981, kibodi yake ilikuwa na lugha ambayo mafundi huiita XT. Mwaka 1984 ikaja kompyuta ya AT, na lugha ikabadilika. Plagi ilikuwa ileile, kubwa ya mviringo yenye pini tano, lakini maneno yalikuwa mengine. Mwaka 1987 ikaja kompyuta ya PS/2 yenye plagi ndogo ya mviringo ya pini sita. Hapo plagi ilibadilika, lakini lugha ya AT ilibaki. Kisha mwaka 1996 ukatolewa utaratibu wa USB, nao ulibadilisha yote mawili, plagi na lugha.

Tazameni mfano wa kitufe cha A. Kibodi ya XT hupeleka namba inayoandikwa 1E. Kibodi ya AT hupeleka 1C. Katika USB herufi hiyo ni 04. Lakini katika lugha ya XT, namba 1C ni kitufe cha Enter. Basi neno moja, 1C, kwa huyu ni A na kwa yule ni Enter!

Jambo hili si geni kwetu wa Kilimanjaro. Mtu wa Rombo na mtu wa Machame wote huitwa Wachagga, wote wanaishi mlima mmoja, lakini kila mmoja akisema maneno ya kwao tu, hawatafika mbali. Wakikutana sokoni huzungumza Kiswahili, na biashara inakwenda. Kibodi ya XT na kibodi ya AT ni hivyo hivyo. Plagi yao ni moja, lakini maneno mbalimbali.

Tena si maneno peke yake, hata namna ya kuyapeleka ni tofauti. Katika kibodi hizi za zamani upo uzi mmoja wa mapigo na uzi mmoja wa habari. Uzi wa mapigo ni kama mpiga ngoma. Kila pigo likilia, hupita alama moja katika uzi wa habari, ama ndiyo ama hapana. Katika AT na PS/2 kila neno lina mapigo kumi na moja: moja la kufungua, manane ya namba yenyewe, moja la kuhakikisha kwamba hesabu haikuharibika njiani, na moja la kufunga. XT ina mapigo machache zaidi, na husema upande mmoja tu. Kompyuta haiwezi kuijibu. Katika AT kompyuta hujibu pia, na ndiyo inayowasha ile taa ya Caps Lock. USB haina mpiga ngoma huyo kabisa. Kompyuta ndiyo inayouliza kila mara, "Una habari?" na kibodi hujibu inapoulizwa.

Basi kibodi hii si mbovu. Imekosa mkalimani.

ADAPTA NA KIGEUZI SI KITU KIMOJA

Hapa sikilizeni sana, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Madukani kuna vipande viwili vinavyofanana kwa macho.

Kipande cha kwanza ni adapta. Hiki hubadilisha umbo la plagi tu. Ndani yake hamna chochote ila nyaya. Adapta ya kutoka plagi kubwa ya AT kwenda plagi ndogo ya PS/2 hufanya kazi vizuri, kwa kuwa lugha ni moja. Lakini kile kipande kidogo, mara nyingi cha rangi ya zambarau, cha kutoka PS/2 kwenda USB, kilifanywa kwa ajili ya kibodi chache zilizojua lugha zote mbili tangu kiwandani. Kibodi ya mwaka 1988 haijui USB. Ukiivika kipande hicho ni sawa na kumvisha mgeni kanzu ukitumaini kwamba atasema Kiswahili.

Kipande cha pili ni kigeuzi. Hiki kina chipu ndani. Hupokea namba za kibodi ya zamani, huzitafsiri, kisha huisemesha kompyuta kwa USB. Huyu ndiye mkalimani. Twaweza kumnunua tayari, au fundi aweza kumtengeneza mwenyewe.

KUTAMBUA LUGHA YA KIBODI

Kabla ya kununua chochote, itambueni kibodi. Andikeni haya.

Kwanza, pindueni kibodi msome karatasi ya chini. Kibodi za IBM za aina ya Model M, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1985, zina namba ya aina na tarehe ya kutengenezwa. Namba 1391401 ni ya kibodi ya Kimarekani yenye vitufe 101. Nyingine za soko la Ulaya zilitengenezwa Greenock, katika nchi ya Uskoti.

Pili, tazameni plagi. Plagi ndogo ya pini sita ni PS/2. Plagi kubwa ya pini tano yaweza kuwa XT au AT, hivyo msikate shauri bado. Plagi ndogo ya mviringo yenye pini nne yaweza kuwa ya Apple ya zamani, yenye lugha yake peke yake na kigeuzi chake peke yake. Na ziko kibodi za mitambo ya IBM ya maofisini zenye plagi inayofanana na ile ya waya wa mtandao. Hizo msizichomeke kamwe katika tundu la mtandao.

Tatu, tazameni taa na vitufe. Kibodi ya kwanza ya IBM PC ilikuwa na vitufe 83, vitufe vya F vikiwa kumi upande wa kushoto, na haikuwa na taa hata moja. Hiyo ni XT. Kibodi yenye taa tatu na vitufe vya F kumi na viwili mstari wa juu, mara nyingi ni AT. Nyingine za makampuni madogo zina swichi chini iliyoandikwa XT na AT. Iwekeni kwenye AT.

Kwetu Tanzania si ajabu ikiwa kibodi za miaka ya 1970 hamzioni. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Lakini mwaka 1974 serikali ilizuia kompyuta kuingizwa nchini ila kwa kibali maalumu. Basi fundi wa Moshi ana nafasi kubwa zaidi ya kukutana na kibodi za PS/2 na AT, nazo ndizo rahisi kuliko zote.

KUTENGENEZA MKALIMANI

Fundi anayejua kuunga nyaya kwa risasi aweza kufanya kazi hii kwa jioni moja. Ahitaji bodi ndogo yenye chipu iitwayo ATmega32U4. Bodi za Pro Micro na Teensy 2.0 zinayo. Chipu hii inajua kusema USB yenyewe, tena hutumia umeme wa volti 5 sawasawa na kibodi ya zamani. Chagueni Pro Micro ya volti 5, kwa kuwa iko nyingine ya volti 3.3. Arduino Uno ya zamani haifai, maana chipu yake kubwa haisemi USB. Raspberry Pi Pico ni bodi nzuri na yenye nguvu, lakini pini zake ni za volti 3.3. Ukiipelekea volti 5 kutoka kibodi bila kipunguzo, waweza kuiua.

Nyuzi za kuunganisha ni nne tu. Namba za pini ni hizi:

Plagi kubwa ya AT: pini 1 mapigo, pini 2 habari, pini 4 hasi, pini 5 chanya ya volti 5.

Plagi ndogo ya PS/2: pini 1 habari, pini 3 hasi, pini 4 chanya ya volti 5, pini 5 mapigo. Pini 2 na 6 hazitumiki.

Msiamini rangi za nyuzi. Kila kiwanda kilichagua rangi zake. Aminini mita. Iwekeni mita kwenye kipimo cha kulia mlio, mguso mmoja kwenye pini ya hasi, mguso wa pili kwenye bamba la chuma au uzi wa ngao ndani ya kibodi. Mara nyingi mtasikia mlio. Kisha pimeni kati ya chanya na hasi. Hapo mlio usisikike. Ukisikika, kuna nyaya zimegusana ndani, wala msiwashe kitu mpaka mmeziona.

Hasi iende kwenye hasi ya bodi, chanya kwenye volti 5 ya bodi. Uzi wa mapigo na uzi wa habari viende kwenye pini zilizotajwa na mwandishi wa programu mtakayotumia, maana kila programu ina pini zake. Baadhi ya kibodi huhitaji pia rezista mbili za ohmu 4,700, moja kutoka chanya kwenda mapigo, nyingine kutoka chanya kwenda habari. Kazi yake ni kuzishika nyuzi hizo juu wakati hakuna anayesema, ili makelele yasisikike kama maneno.

Programu ya mkalimani ipo tayari. Programu ya TMK na ile ya Soarer hupatikana bure katika intaneti, nazo hufahamu XT, AT na PS/2. Programu hutiwa ndani ya bodi kwa waya wa USB, na ikishaingia haitoki hata umeme ukikatika. Angalieni tu kwamba waya wenu ni wa habari. Nyaya nyingine za simu ni za kuchaji peke yake, na fundi aweza kuhangaika siku nzima akidhani bodi imekufa.

Wakati wa kulehemu fungueni madirisha, na baada ya kazi noeni mikono kwa sabuni, maana risasi ni sumu. Na kama kompyuta yenu ina tundu la PS/2, izimeni kwanza kabla ya kuchomeka au kuchomoa. Tundu hilo halikufanywa kwa kuchomekwa kompyuta ikiwa inawaka.

USAFI NA MATENGENEZO

Kibodi iliyolala stoo miaka ishirini imejaa vumbi, nywele, na pengine mende. Vueni kofia za vitufe moja moja, mzioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, mzianike kivulini. Kabla ya kuzivua pigeni picha, ili mjue kila kofia ilikaa wapi. Bodi ya ndani yenye chipu msiioshe kwa maji, ifuteni kwa brashi kavu.

Model M hufunguliwa kwa spana nyembamba ya bomba ya milimita 5.5. Chini ya kila kitufe mna springi. Ukibonyeza, springi hujipinda ghafla, ikalia, na kidole kikajua kwamba kazi imekwisha. Waliojifunza kuchapa kwa taipureta huipenda sana hali hii. Ndani ya kibodi hii mna ripiti nyingi ndogo za plastiki, nazo huvunjika kwa uzee. Zikivunjika nyingi, vitufe vingine hulegea au hunyamaza. Fundi mvumilivu huzitoa na kutia skrubu ndogo mahali pake. Lakini asimwahidi mteja kazi ya siku moja.

HERUFI ZETU NA KIBODI YA KIGENI

Kiswahili hakitusumbui. Herufi zake zote zimo katika kibodi ya Kiingereza, na hata ng' yahitaji ile alama ndogo ya juu tu. Ila kumbukeni tulivyosema: kibodi hupeleka mahali, si herufi. Kibodi iliyotoka Ujerumani ina Z mahali pa Y, na ya Ufaransa ina A mahali pa Q. Kompyuta ikiwekwa kwa mpango wa Kiingereza, itaandika Kiingereza hata kama kofia zinasema vingine. Basi mwenye kujua kuchapa bila kutazama hatapata taabu. Kwa anayetazama, zile kofia za herufi zinazotofautiana zaweza kuhamishwa kama umbo lake linaruhusu. Na kibodi iliyotoka Uingereza hubadilishana alama ya @ na ile ya kufungua maneno ya msemaji. Chagueni "UK" katika mipangilio ya kompyuta, yatakwisha.

Jambo jingine ni kwamba Model M nyingi hazina kitufe cha Windows. Mkalimani aweza kuagizwa katika programu yake kwamba Caps Lock iwe Windows. Hilo adapta haliwezi.

JE, YAFAA?

Sasa tuseme kweli. Si kila kibodi ya zamani yafaa taabu hii. Ikiwa ni nyepesi, ya mpira laini chini ya vitufe, na herufi zimefutika, umri wake hauipi thamani. Gharama ya kigeuzi itapita faida. Lakini kibodi yenye springi, au yenye swichi ya peke yake chini ya kila kitufe, kama zile za kampuni ya Cherry ya Ujerumani, ilijengwa ili itengenezwe. Mtu wa kuchapa barua kutwa nzima atairudisha gharama yake.

Fundi mwaminifu humweleza mteja mambo matatu kabla ya kushika bisibisi: kigeuzi kitagharimu kiasi gani, kibodi mpya ya kawaida ni kiasi gani, na ni hatari gani iliyopo. Kisha humwachia mteja aamue. Na kibodi hujaribiwa kwanza kwa kompyuta ya fundi iliyo kuukuu, si kwa ile yenye kazi za wateja. Fundi apoteze bodi ndogo, asipoteze heshima ya kibanda chake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini plagi kuingia katika tundu si ushahidi kwamba kibodi itafanya kazi?

2. Eleza tofauti ya adapta na kigeuzi kwa maneno yako mwenyewe.

3. Kibodi ina plagi kubwa ya pini tano, vitufe vya F viko kushoto, na haina taa. Yaelekea ni lugha gani?

4. Kwa nini tunaamini mita kuliko rangi za nyuzi?

5. Katika kikundi chenu, nani ana kifaa kilicholala stoo? Kileteni mkutano ujao, mkikague pamoja: ni kibovu, au kimekosa mkalimani tu?

Hapo ndipo mwisho wa somo letu.